Kabati Lililoitwa Bustani

Adela alikuwa na kichwa cha kushika namba. Ukimtajia namba ya gari leo, hata baada ya miaka mitano angekurudishia vilevile. Kanisani hakufungua kitabu cha nyimbo. Katekista akitaja namba tu, yeye ameshaanza kuimba. Nilikaa naye meza moja ya mapokezi kwa miaka sita, katika hospitali ya misheni nje kidogo ya mji wa Songea ambayo jina lake nitaliacha, na sikumbuki siku aliyofungua rejista kutafuta namba ya mgonjwa aliyekwisha kumwandikia kadi kwa mkono wake. Sisi wengine tulikuwa tukipekua kurasa, yeye anataja. Tulimwita Rejista, naye alikuwa akicheka.

Mimi naitwa Suzana. Nayasimulia haya kwa sababu yeye mwenyewe aliniruhusu.

Kwao ni Mfaranyaki. Baba yao alifariki mapema, na mama yao, Mama Kunegunda, aliwalea wasichana wawili kwa kuuza togwa na kulima mahindi upande wa Matogoro. Adela alikuwa wa kwanza. Getruda alimfuata baada ya miaka tisa, na kwa sababu mama alishinda shambani, Getruda alilelewa mgongoni kwa dada yake. Adela aliishia darasa la saba, akajifunza kupiga chapa kwa masista, akaajiriwa. Getruda alisoma mpaka akawa mwalimu wa shule ya msingi. Nani alimsomesha, hilo halikusemwa nyumbani, lakini kila mtu alijua. Adela mwenyewe hakuolewa. Alikuwa na mchumba zamani, fundi seremala, akahamia Mbeya na barua zikakoma. Hakulizungumza hilo, nasi hatukumuuliza.

Mwaka 1995, wakati maduka ya mjini yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu redioni, na vijana wakimiminika Tunduru kutafuta vito, hospitali ililetewa kompyuta mbili kutoka Ujerumani. Zilikuwa zimetumika tayari. Vitufe vyake vilikuwa vya Kijerumani, Z imekaa mahali pa Y, hivyo kwa miezi ya mwanzo kadi zetu zote zilisema "mgonjwa wa kuhara, apewe maji za kutosha" na vituko vingine vya aina hiyo. Aliyezifahamu ni Bruda Thadei peke yake, Mmatengo wa Litembo, fundi wa jenereta na redio ya upepo ya kuongea na misheni nyingine. Alitafuta mtu wa kumfundisha, akamchagua Adela.

"Kwa nini mimi, Bruda?" Adela alimuuliza.

"Wewe huogopi namba," akasema. "Hii mashine ni namba tu, hata ikijifanya inaandika."

Mpangilio aliuweka Dakta Amedeus, mganga mkuu wetu, mtu mpole aliyezungumza kama anayeogopa kuamsha mtoto. Kila mgonjwa alikuwa na faili moja ndani ya kompyuta, na faili halikubeba jina la mtu, namba ya kadi tu. Majina yalibaki kwenye rejista ya karatasi kwetu mapokezi. Mafaili yalipangwa kwenye direktori, ambazo Bruda alitueleza kuwa ni kabati ndani ya kabati. Kabati kubwa liliitwa KADI. Ndani yake mlikuwa na kabati la KIFUA, la UZAZI, la MACHO, la MIFUPA. Na moja Dakta alilipa jina la BUSTANI, makusudi, ili atakayeliona asielewe. Humo ziliwekwa kadi za wale waliopimwa damu wakakutwa na virusi vya UKIMWI. Aliyeweka humo ni Dakta mwenyewe na mtu mmoja wa maabara, basi.

Siri ile ilidumu miezi minne. Kompyuta ikitaja faili hutaja njia yote ya kulifikia, na kati ya kabati na kabati huweka mkwaju, yaani kistari cha mshazari kilichoegemea nyuma. Ikaandika hivi, C:\KADI\KIFUA\1120.KAD, na ndivyo ilivyoandika hata juu ya vikaratasi tulivyowapa wagonjwa vya tarehe ya kurudi kliniki. Hatukuona ubaya. Kumbe wahudumu wa wodi walikuwa wamekwisha kuelewa, wakaanza kunong'ona: yule ni wa bustani, na yule naye wa bustani. Mimi mwenyewe nililitamka neno hilo, na si mara moja. Likatoka getini, likafika sokoni.

Kulikuwa na mama mmoja wa Madaba, Lidwina, mwenye watoto wanne. Alirudi kwao na kikaratasi chake amekifunga kwenye pindo la khanga. Shemeji yake alikuwa na rafiki anayefanya kazi mjini, na siku moja kwenye pombe ya ulanzi wakakisoma pamoja. Lidwina alifukuzwa siku hiyohiyo. Watoto walibakizwa. Alitembea mpaka barabara ya Njombe akalala kwenye kibanda cha kuuzia viazi, na mvua ya Machi ilikuwa inanyesha. Waliomleta kwetu walimleta siku ya tatu, naye alikufa siku ya nne kwa nimonia. Adela ndiye aliyeandika kufungwa kwa kadi yake. Alipomaliza alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Dakta, na mimi nilikuwa nimepeleka chai, nikasikia.

"Dakta, kile kikaratasi ndicho kilichomuua."

"Najua, Adela."

"Basi kikatwe. Njia ikatwe, mgonjwa aondoke na namba tu."

"Inawezekana?"

"Nitamuuliza Bruda."

Dakta alifikiri. Akasema njia isifutwe kabisa, kwa sababu kila mwisho wa mwezi alihitaji kujua kila kabati lina wagonjwa wangapi. Ripoti ilipelekwa mkoani. Alichotaka ni programu itakayoitenga njia vipande viwili: sehemu ya direktori iende kwenye ripoti, na jina la faili liende kwenye kikaratasi, na viwili hivyo visikutane tena kwenye karatasi moja. Akamtolea Adela fomu ya kutunza siri, aisaini upya. Adela aliisaini kwa moyo wote. Aliniambia alipokuwa anatia saini alimwona Lidwina, na khanga yake.

Kazi ilimchukua muda mrefu, maana alijifunza huku anaandika, na umeme ulikuwa wa zamu. Mara ya kwanza aliiagiza mashine itafute mkwaju kuanzia mbele na ikate hapo. Ikampa C:\ kwa wagonjwa wote, elfu mbili kasoro, kana kwamba wote wanakaa nyumba moja. Bruda Thadei alisimama nyuma yake akatazama.

"Umekata palipo na mkwaju wa kwanza," alisema. "Unaoutaka ni wa mwisho."

"Nitajuaje upi wa mwisho? Wengine wana kabati mbili, wengine tatu."

"Usianze mbele. Hesabu herufi zote, simama kwenye ile ya mwisho kabisa, kisha rudi nyuma moja moja. Mkwaju wa kwanza utakaokutana nao ukirudi, huo ndio wa mwisho. Vya kushoto ni direktori, vya kulia ni faili."

"Na kama hakuna mkwaju kabisa?"

"Hilo nalo iulize. Isije ikarudi nyuma mpaka ikapita ukuta."

Akaandika hivyo. Ilimpa taabu, kwa kuwa kwenye vitufe vile vya Kijerumani mkwaju wenyewe ulipatikana kwa kubonyeza viwili pamoja. Lakini alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Alikuwa akija mapokezi saa ya chai ananichorea mistari kwenye ganda la boksi la dawa, ananieleza, nami naitikia tu.

Sasa nirudi kwa Getruda.

Getruda alikuwa amechumbiwa na Leo. Leo alikuwa kijana wa mjini, mwenye heshima, mcheshi. Mwaka 1995 alikwenda Tunduru kwenye vito pamoja na wenzake, akakaa mwaka na nusu, akarudi na pikipiki na mtaji wa duka la redio na betri pale Mfaranyaki. Alimpenda Getruda kweli. Hilo sina shaka nalo hata leo. Februari ya 1997 Mama Kunegunda alipofanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni, Leo alikuja mwenyewe bila kuitwa, akakunja mkono wa shati, akasema, "Mama yenu ni mama yangu, nitoeni damu." Adela ndiye aliyemwandikia kadi. Baadaye maabara walisema damu yake haikulingana na ya mama, wakatumia ya binamu yao. Mama akapona. Hakuna aliyeliwaza tena jambo hilo, isipokuwa kumsifu Leo.

Ndoa ikapangwa Juni, mahindi yakishavunwa. Tangazo la kwanza lilisomwa kanisani Jumapili moja ya mwezi wa Mei. Padri alisoma majina ya Leo na Getruda, akaongeza kama ilivyo kawaida kwamba mwenye kujua kizuizi chochote aje kukieleza. Nilikuwa benchi moja na Adela. Alimbana mdogo wake kiwiko, wakachekeana kama watoto.

Jumanne iliyofuata, saa tano asubuhi, programu ilikubali. Adela aliiamuru isome njia za mafaili yote na kuonyesha kwenye kioo, kushoto direktori, kulia namba, ili ahakikishe kwa macho kwamba imekata sawasawa kila mahali. Mistari ikaanza kupanda. KIFUA, 1118. KIFUA, 1120. MACHO, 0342. Alikuwa akihesabu kwa kalamu. Wale wa BUSTANI walikuwa wamefuatana pamoja, na kwake zilipaswa kuwa namba tu. Sisi wengine tungeziona namba. Yeye aliona Mzee fulani wa Lizaboni, akaona binti wa karani wa posta, akaelewa ameingia mahali asipotakiwa kuwa, akanyoosha mkono azime. Kabla hajafika kwenye kitufe, mstari ukapanda: BUSTANI, 1743.

Kadi namba 1743 aliiandika mwenyewe mwezi Februari. Ilikuwa ya Leo.

Nilimwona akitoka chumba cha kompyuta. Nilidhani ni malaria, maana alishika ukuta. Nikamuuliza, akasema, "Kizunguzungu tu, Suzana." Alikaa uani karibu na tangi la maji mpaka mchana. Kisha akaenda kwa Dakta Amedeus.

Mazungumzo yale alinisimulia baada ya miaka, neno kwa neno, kwa namna yake ya kutosahau.

"Umeona namba," Dakta alimwambia. "Hukuona mtu."

"Kwangu ni kitu kimoja, Dakta. Unajua."

Dakta alivua miwani. "Nilimwita mara mbili. Nilimwambia mwenyewe, mlango umefungwa. Aliniahidi kwamba atamleta mchumba wake, niwapime na kuwashauri wote wawili. Kwenye fomu ya damu alijiandika ndugu tu wa mgonjwa, sikujua mchumba wake ni mdogo wako."

"Ameshatangazwa kanisani."

"Nitamwita tena."

"Na asipokuja?"

Dakta aliweka miwani mezani. Akasema, "Adela, nikimtajia Getruda ugonjwa wa Leo bila ridhaa yake, leo nitamwokoa Getruda. Kesho hakuna atakayekubali kupimwa hapa. Wataficha, watakwenda kwa waganga, watakufa vichakani. Wewe ndiye uliyekuja humu kumlilia Lidwina. Nipe mpaka Jumapili."

Adela alikubali. Leo hakuja. Jumapili tangazo la pili likasomwa.

Jumatatu jioni Adela alikwenda dukani kwa Leo. Alikuta wateja, akangoja waondoke, kisha akaomba mlango urudishwe nusu.

"Shikamoo dada," Leo alisema. Akamwekea kiti.

"Marahaba. Shemeji, kuna jambo unalo kifuani. Mimi sijasema ni nini."

Leo alimtazama, na uso wake ukabadilika polepole. Hakukana. Akakaa juu ya katoni la betri.

"Dakta amekwambia."

"Dakta hakuniambia. Naapa."

"Basi nani?"

"Mashine. Kwa bahati mbaya. Leo, mwambie Getruda."

Akaanza kusema kwamba maabara hukosea, kwamba wakati ule alikuwa na malaria, kwamba kuna mganga kule Tunduru aliyempa dawa na sasa ameongezeka kilo mbili. Alisema yote hayo akitazama sakafu. Kisha sauti yake ikawa ya mtu mwingine.

"Nikimwambia ataniacha, dada. Na kesho yake mji mzima utajua, maana atalia, na mama ataulizwa, na mama atasema. Hapa dukani hakuna atakayenunua hata betri moja. Ulimwona yule mama wa Madaba?"

"Nilimwona. Ndiyo maana sijamwambia Getruda mwenyewe. Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Nipe mpaka Jumamosi. Nitamchukua twende Matogoro, nitamwambia huko."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Jumamosi walikwenda Matogoro kwa pikipiki. Adela alishinda nyumbani anapepeta mahindi yaliyokuwa yamekwisha kupepetwa. Walirudi saa kumi, Getruda ameshika maua ya porini, anaimba. Leo hakushuka kwenye pikipiki. Alimtazama Adela mara moja, akainamisha kichwa, akaondoka.

Siku hiyohiyo, wakiwa jikoni wawili tu, Adela alijaribu kupita pembeni.

"Mdogo wangu, siku hizi wachumba wanapimwa kwanza. Hata padri anashauri. Nendeni wiki hii, mimi nitawapangia foleni."

"Tupimwe nini?"

"Damu. Kila kitu."

Getruda aliweka mwiko chini. "Dada, unamshuku Leo? Kwa sababu alikaa Tunduru?"

"Sijasema Leo. Nimesema wote wawili."

"Mtu aliyekuja kutoa damu yake kwa ajili ya mama. Na mimi nimpeleke hospitali kama mwizi kituoni." Aliisogeza sufuria kando. "Tangu tangazo la kwanza hucheki, huli nasi. Nilimwambia mama labda ni uchovu. Sasa naona si uchovu."

"Ni nini basi?"

"Umri wako umepita, dada. Unaona wangu unakuja. Ni hilo."

Adela aliniambia kwamba pale jikoni neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lilikuwa fupi. Alimwona Lidwina, akaiona fomu, akamwona Leo juu ya katoni, lakini hayo yote, alisema, angeweza kuyavuka. Kilichomfunga mdomo ni hasira. Kwa kitambo kidogo alimkasirikia mtoto aliyembeba mgongoni, na hasira ilipopoa Getruda alikuwa ameshatoka. Alisema hajui, mpaka leo hajui, kama alinyamaza kwa ajili ya kiapo au kwa ajili ya lile neno la umri. Nilimwambia ni kiapo. Akasema, "Wewe hukuwepo."

Jumapili ya tatu tangazo likasomwa kwa mara ya mwisho. Padri akauliza kizuizi. Mtoto mmoja akakohoa. Nilimsikia Adela akivuta pumzi kama anayetaka kusimama, nami nikamtazama. Akaachia pumzi. Padri akaendelea na barua ya jumuiya.

Wakaoana Juni. Adela alishona gauni la bibi harusi kwa mkono wake, na watu wakasema dada amekubali.

Baada ya hapo hakukuwa na kitu cha haraka. Mambo ya aina ile huja polepole. Mwaka 1998 Getruda alizaa mtoto wa kike, akaitwa Asteria. Akafa ana miezi minane. Wakasema ni kuhara. Mwaka uliofuata Leo alianza kukonda. Duka likafungwa siku moja kwa wiki, kisha mbili, kisha likakodishwa kwa mtu mwingine. Alipolazwa kwetu aliomba kumwona Dakta peke yake, na Dakta alipotoka, Leo alimwomba Getruda aje akae kitandani. Nilikuwa napita na trei. Nikamwona Getruda amekaa, mikono mapajani, anamsikiliza. Hakupiga kelele. Aliinuka, akampangusa midomo, akatoka nje, akatapika kwenye mfereji wa maji ya mvua. Kisha akarudi ndani kumlisha uji.

Leo alikufa Oktoba 1999. Getruda alimuuguza mpaka siku ya mwisho. Wifi zake walimnyima hata redio moja, naye akarudi Mfaranyaki kwa mama yake, chumba kilekile alicholala na Adela utotoni.

Miezi ikapita kabla hajauliza. Walikuwa wanaishi chumba kimoja, wanasalimiana vizuri, wanakula pamoja. Adela alikuwa akimletea dawa za kifua na vitamini, kwa sababu dawa zenyewe za virusi wakati huo zilikuwa Ulaya na kwa matajiri. Asubuhi moja Getruda alikuwa juani kwenye mkeka, na Adela anamsuka nywele zake zilizokwisha kuanza kupungua.

"Dada."

"Naam."

"Ile siku jikoni, ulipotaka tukapime. Ulikuwa unajua?"

Adela alisimamisha mikono kichwani mwa mdogo wake. Angeweza kusema hapana. Leo alikuwa ameshakufa, na Dakta asingesema kamwe.

"Nilijua."

Getruda hakugeuka. Kuku walikuwa wanapekua taka pembeni, na Mama Kunegunda anatwanga ndani.

"Tangu lini?"

"Tangu tangazo la kwanza. Jumanne yake."

"Wiki tatu."

"Wiki tatu na siku nne, mpaka harusi."

"Unazihesabu mpaka leo."

"Kila siku."

Getruda aling'oa unyasi pembeni ya mkeka. Kisha akasema, "Nilikuambia neno baya siku ile."

"Nimeshalisahau."

"Wewe husahau kitu, dada." Akapangusa uso kwa ukingo wa khanga. "Sijui ningefanya nini. Pengine ningekuita mwongo. Pengine ningeolewa hivyohivyo, nilikuwa nampenda. Lakini Asteria. Nisingemzaa Asteria aje ateseke vile. Hilo ndilo siwezi kukusamehe leo. Labda kesho. Endelea kusuka."

Adela akaendelea kusuka. Aliniambia hakuuliza tena kama kesho ile imefika, na Getruda hakusema. Lakini tangu asubuhi hiyo Getruda hakukubali mtu mwingine amwogeshe, hata mama. Alipozidiwa alikuwa akiita jina moja tu, na alipoletwa hospitali, ilipobidi aandikiwe kadi, Adela ndiye aliyeshika kalamu. Alijua kadi hiyo itakwenda kabati gani. Aliiandika kwa herufi nzuri, namba 4096, akambeba mwenyewe mpaka wodini. Alikuwa mwepesi wa kubebeka mgongoni.

Getruda alikufa Machi 2001, mvua inanyesha. Alikuwa na miaka thelathini. Tulimzika karibu na mtoto wake. Mama Kunegunda mpaka leo hajaambiwa kilichojulikana na lini; anasema mkwewe alileta bahati mbaya kutoka Tunduru, basi. Adela anamwachia aseme hivyo.

Wiki moja baada ya msiba Adela alikwenda kwa Dakta Amedeus kuomba ahamishwe. Dakta alimuuliza anataka kwenda wapi. Akasema chumba cha kufulia nguo. Dakta akamsihi, akamwambia hakuna mwingine anayeijua mashine, kwamba kikaratasi tangu mwaka ule hakijamdhuru mgonjwa hata mmoja, na kwamba hilo ni kazi ya mikono yake. Adela akasema, "Najua, Dakta. Programu ni nzuri. Mimi ndiye niliyechoka." Akamfundisha msichana mwingine kwa mwezi mzima, kwa subira, hatua kwa hatua, kisha akahamia kule nyuma kwenye mabeseni na kamba za kuanikia.

Nilimwendea siku ya kwanza aliyoanza. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, mbele yake rundo la mashuka yaliyokauka. Nikachukua ncha ya pili ya shuka alilokuwa ameshika. Tukalinyoosha, tukakutanisha ncha, tukakunja. Akachukua jingine.